KINGA: MAANA YAKE KATIKA TIBA NA KATIKA SHERIA

Utangulizi

Moja ya kazi za Chama ni kuyaeleza maneno. Neno lisiloelezwa hutumiwa na kila mtu kwa faida yake, na mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayefaidika nalo zaidi. Katika makala hii tunakusudia kulichambua neno moja ambalo wananchi wanalisikia zahanati na mahakamani pia, nalo ni neno kinga.

Mama anayempeleka mtoto wake kliniki huambiwa kwamba chanjo itampa mtoto kinga ya surua, pepopunda na kifaduro. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera, nchi nzima ililazimika kujifunza kwamba ndani ya mwili wa binadamu kuna ulinzi, na kwamba ulinzi huo ukivunjwa hata ugonjwa mdogo huua. Jina lenyewe la ugonjwa huo, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini, lililiingiza neno hilo katika kila nyumba. Kwa upande mwingine tunasikia habari za kinga ya Rais, kinga ya Mbunge na kinga ya balozi. Hapo kinga maana yake ni kwamba mtu fulani hawezi kushtakiwa, au hawezi kushtakiwa kwa njia ile ile anayoshtakiwa mkulima wa Kongwa au kuli wa bandarini.

Je, hili ni neno moja au ni maneno mawili yaliyofanana sauti? Ili kujibu swali hilo tutauliza maswali manne katika kila hatua ya historia: Nani anakingwa? Anakingwa dhidi ya nini? Ni kwa faida ya nani? Na gharama ya kinga hiyo inalipwa na nani? Kada anayeyashika maswali haya manne hatadanganyika kwa urahisi.

Asili ya neno katika dola ya Kirumi

Lugha nyingi za Ulaya zinatumia neno moja kwa kinga ya mwili na kinga ya sheria. Neno hilo limetoka katika Kilatini, na mwanzoni halikuhusu ugonjwa hata kidogo. Warumi walikuwa na neno munus, yaani wajibu au mzigo ambao mwananchi anautoa kwa jamii yake: kulipa kodi, kutengeneza barabara, kulisha askari, kushika kazi za mji bila malipo. Mtu aliyesamehewa mizigo hiyo waliitwa immunis, maana yake asiye na mzigo.

Tuangalie jambo hili kwa makini. Barabara haikuacha kuhitaji matengenezo kwa sababu tajiri amesamehewa, wala askari hawakuacha kula. Mzigo ulioondolewa begani kwa mmoja uliwekwa begani kwa mwingine. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kinga ya kisheria ilikuwa suala la mgawanyo: nani abebe na nani asibebe.

Watawala wenyewe walilitambua hilo. Mfalme Antoninus Pius, aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161, aliweka kikomo cha idadi ya waganga waliosamehewa mizigo ya mji: watano katika miji midogo, saba katika miji mikubwa zaidi, na kumi katika miji mikuu. Mganga alisamehewa kwa sababu kazi yake ilihitajiwa na mji mzima. Lakini idadi ilipunguzwa kwa sababu kila aliyesamehewa aliwaongezea wenzake mzigo. Hapa tunaona kanuni mbili ambazo tutakutana nazo tena: kwamba kinga hutolewa kwa ajili ya kazi, na kwamba lazima iwe na mpaka.

Palipokosekana mpaka, kinga iligeuka kuwa mali ya tabaka. Nchini Ufaransa, kabla ya Mapinduzi ya 1789, makabaila na viongozi wa Kanisa walisamehewa kodi kuu ya moja kwa moja, na uzito wake ukamwangukia mkulima. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Baraza la Taifa lilitangaza kuufuta upendeleo huo. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi, lakini chuki ya umma dhidi ya watu wasiobeba mzigo ilikuwa mojawapo ya zile kubwa.

Neno lilihamiaje kwenye tiba? Mara mojawapo ya mwanzo kabisa inayojulikana ni katika karne ya kwanza, pale mshairi wa Kirumi Lucan alipolitumia kuwaeleza Wapsylli, watu wa Afrika ya Kaskazini waliosifika kwamba sumu ya nyoka haiwadhuru. Lakini ilichukua karne nyingi kabla neno hilo halijawa la kitabibu hasa. Lilipohama lilichukua maana yake ya zamani: ugonjwa ulifikiriwa kama kodi ambayo wote wanailipa, na aliyenusurika kama mtu aliyesamehewa.

Kinga ya mwili na somo la ndui

Hata hivyo mwili ulikuwa na somo lake, na somo hilo lilikuwa kinyume cha lile la Roma. Kinga ya mwili haipatikani kwa kusamehewa. Mwili huipata kwa kupambana. Aliyeugua ndui akapona hakuugua tena, kwa sababu mwili wake ulikwisha kumjua adui.

Watu wa Afrika, Asia na nchi za Waturuki walilijua jambo hilo kabla ya madaktari wa Ulaya. Walichukua usaha kidogo kutoka kwa mgonjwa wa ndui, wakachanja ngozi ya mtu mzima wa afya na kuupaka, ili augue kidogo asije akaugua sana. Mwaka 1721 ndui ilipoingia Boston, katika koloni la Waingereza huko Marekani, mchungaji Cotton Mather aliwahimiza madaktari watumie njia hiyo. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, ambaye alimweleza kwamba alichanjwa namna hiyo kwao Afrika. Daktari mmoja tu, Zabdiel Boylston, alikubali. Katika watu wapatao 240 aliowachanja walikufa 6, yaani kama 2 katika kila 100. Katika walioambukizwa kwa njia ya kawaida walikufa kama 14 katika kila 100. Mwanzo wa kinga ya kitabibu katika Amerika ya Waingereza uko basi katika elimu ya mtu ambaye sheria haikumpa kinga yoyote, hata ya kutouzwa. Wanafunzi wetu wanaofundishwa kwamba sayansi yote ilitoka Ulaya wauzingatie ukweli huu.

Mwaka 1796 Edward Jenner wa Uingereza alionyesha kwamba usaha wa ndui ya ng'ombe, ambao hauna hatari kubwa, unamkinga mtu na ndui yenyewe. Miaka ya 1880 Elie Metchnikoff, mwanasayansi kutoka dola ya Urusi, alieleza jinsi chembe hai za mwili zinavyomzingira na kummeza mvamizi. Mwaka 1890 Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo ina kitu kinachoiua nguvu sumu hiyo. Kitu hicho ndicho tunachokiita leo kingamwili.

Lakini ugunduzi mkubwa kwa siasa ni mwingine. Kinga ya mtu mmoja humlinda na jirani yake. Ugonjwa wa kuambukiza ni kama moto katika mbuga: ukikuta majani mabichi kila upande hauendi mbali. Wakichanjwa watu wa kutosha, hata mtoto mchanga ambaye bado hajafikia umri wa chanjo, na mgonjwa ambaye mwili wake hauwezi kuipokea, husalimika. Kwa surua, ambayo huambukiza upesi mno, inatakiwa watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga. Hii ndiyo inayoitwa kinga ya jamii. Hakuna awezaye kuinunua peke yake, wala tajiri hawezi kuifungia ndani ya ua wa nyumba yake.

Ushindi dhidi ya ndui ni ushahidi wa ukweli huo. Mwaka 1958 Umoja wa Kisovyeti ulipendekeza katika Mkutano wa Afya wa Dunia kwamba ndui ifutwe duniani kote, ukatoa chanjo nyingi kwa kazi hiyo. Mwaka 1967 juhudi ziliongezwa. Kambi za Mashariki na Magharibi, zilizokuwa zikitishiana kwa mabomu ya nyuklia, zilishirikiana katika jambo hili. Wafanyakazi wa afya walikwenda kijiji kwa kijiji, wakamtafuta kila mgonjwa, wakawachanja wote waliomzunguka. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona, na baadaye akajitolea katika kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano wa Afya wa Dunia ulitangaza kwamba ndui imekwisha.

Hapa ndipo maana mbili za neno letu zinapogongana. Mtu mzima wa afya anayeikataa chanjo bila sababu ya kitabibu, huku akitegemea kwamba wengine wamechanjwa, hana kinga ya mwili, lakini amejipa kinga ya Kirumi: anakula matunda ya jamii bila kubeba mzigo wake. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mtu wa jimbo la Massachusetts aliyetozwa faini ya dola 5 kwa kukataa chanjo ya ndui, iliamua kwamba uhuru wa mtu mmoja hauwezi kuwa ruhusa ya kuwadhuru wengine. Sisi tunaojenga jamii ya kujitegemea tunakubaliana na msingi huo, ingawa tunasisitiza kwamba njia ya kwanza ni elimu na ushawishi. Chanjo ya kweli inaanzia kwenye imani ya wananchi kwa zahanati yao.

Kinga ikageuzwa silaha ya unyonyaji

Isidhaniwe kwamba kinga ya mwili haijawahi kutumiwa vibaya. Katika karne ya 19 mji wa New Orleans ulipigwa mara kwa mara na homa ya manjano. Mwaka 1853 iliua watu wapatao 8,000. Aliyeugua akapona alihesabiwa kuwa mwenyeji halisi, akapewa kazi na mikopo ambayo mgeni asiyeugua hakuipata. Wakati huo huo mabwana wa watumwa walihubiri kwamba mtu mweusi amezaliwa na kinga ya homa hiyo, na kwa hiyo Mungu amemwumba kwa kazi ya mashamba ya miwa na pamba. Ugonjwa uliwaua watu weusi pia, lakini hesabu za faida hazikutaka kuliona hilo. Mzungu akiwa na kinga alipata daraja. Mwafrika akidhaniwa ana kinga alipata mnyororo.

Konsuli wa Zanzibar na Mkono wa Damu wa Kilimanjaro

Sasa tuje kwetu. Tarehe 21 Septemba 1833 Sultani Seyyid Said alitia sahihi mkataba na Marekani. Meli za Wamarekani zilitozwa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoshusha, bila tozo nyingine. Wamarekani waliogombana wao kwa wao walihukumiwa na konsuli wao. Uingereza ikapata mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Mfanyabiashara wa kigeni akawa immunis kwa maana zote mbili za kale: kodi ina kikomo kisichoweza kupandishwa na mwenye nchi, na mahakama ya mwenye nchi haimgusi.

Tusiseme kwamba Sultani alikuwa mtetezi wa wanyonge. Dola yake ilisimama juu ya biashara ya watumwa na mashamba ya karafuu. Tunachosema ni kwamba kila kinga aliyopewa mgeni ilikuwa kipande cha mamlaka kilichokatwa. Vilipokusanyika vipande vya kutosha, mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Marekani iliiacha haki yake ya mahakama za kikonsuli Zanzibar kwa mkataba wa mwaka 1905, lakini iliiachia mikononi mwa Mwingereza.

Bara hali ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1891 Carl Peters, aliyekwisha kuwalaghai watawala wa Usagara na jirani zake kwa mikataba ya mwaka 1884, alikuwa Kamishna wa Kifalme wa Kijerumani katika Kilimanjaro. Alimnyonga mtumishi wake Mabruk, na baadaye msichana aliyeitwa Jagodja aliyekuwa akimweka kimada. Vijiji vilichomwa. Waafrika walimpa jina la Mkono wa Damu. Mwezi Machi 1896 August Bebel, kiongozi wa chama cha wafanyakazi cha Ujerumani, aliifichua habari hiyo bungeni Berlin. Je, Peters alishtakiwa kwa mauaji? Hapana. Mwaka 1897 alifikishwa mbele ya baraza la nidhamu la watumishi wa serikali, akafukuzwa kazi. Mwaka 1905 Kaisari alimrudishia cheo chake cha heshima, na mwaka 1937 Hitler aliifuta hukumu yenyewe.

Linganisha na jambo la pili katika mlima ule ule. Mwezi Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi, aliyewahi kuwapiga Wajerumani vitani mwaka 1892, alinyongwa pamoja na viongozi wenzake kwa tuhuma za kupanga uasi. Aliyeua watumishi alipoteza mshahara. Aliyetuhumiwa kuitetea nchi yake alipoteza maisha. Wananchi wetu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa mkoloni ulikuwa na meno upande mmoja.

Kinga ya kazi na kinga ya mtu

Kutokana na historia hiyo, mtu anaweza kufikia uamuzi kwamba kinga zote za kisheria ni uovu. Uamuzi huo ni wa haraka. Balozi wa nchi changa, akikaa katika mji mkuu wa taifa kubwa, angeweza kukamatwa kwa kisingizio chochote ili nchi yake itishwe. Mbunge anayeihoji serikali angeweza kufungwa kwa maneno aliyoyasema bungeni. Kwa hiyo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unawapa mabalozi kinga, lakini katika utangulizi wake umeeleza kwamba lengo si kumfaidisha mtu binafsi bali kuuwezesha ubalozi kufanya kazi yake. Nchi iliyomtuma balozi inaweza kuiondoa kinga hiyo, na nchi iliyompokea inaweza kumfukuza. Ni kanuni ile ile ya waganga wa Antoninus: kinga ni ya kazi, na ina mpaka.

Mwaka 2002 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Ubelgiji ilikosea kutoa hati ya kumkamata Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo akiwa madarakani. Waafrika wengi waliona ni haki kwamba mkoloni wa zamani asijifanye hakimu wa koloni lake. Lakini mahakama hiyo hiyo ilisema kinga si sawa na kutokuwa na hatia. Tarehe 30 Mei 2016, mjini Dakar, mahakama maalumu iliyoundwa kwa makubaliano ya Senegali na Umoja wa Afrika ilimhukumu Hissène Habré, aliyekuwa Rais wa Chad, kifungo cha maisha kwa mateso na mauaji ya wananchi wake. Jibu sahihi kwa ubeberu wa kimahakama ni hilo: Afrika ijihukumu yenyewe, isije ikawa ngao ya wauaji.

Mahali kinga mbili zinapokutana

Katika miaka yetu hii kinga mbili zimekutana uso kwa uso. Mwaka 1986 Marekani ilitunga sheria iliyowapunguzia watengenezaji wa chanjo za watoto hatari ya kushtakiwa, na badala yake ukawekwa mfuko wa fidia unaolishwa na kodi ndogo kwa kila dozi. Janga la UVIKO-19 lilipokuja, makampuni ya dawa yalitaka serikali zikubali kwanza kubeba madai ya madhara ndipo ziuziwe chanjo. Mpango wa kimataifa wa COVAX uliunda mfuko wa fidia mwaka 2021 kwa ajili ya nchi 92 za kipato cha chini na cha kati. Tanzania ilipokea dozi zaidi ya milioni 1 za kwanza kwa mpango huo mwezi Julai 2021.

Tuyaulize maswali yetu manne. Kampuni inakingwa dhidi ya mashtaka, na umma unapata kinga ya ugonjwa. Kama yule mmoja katika laki nyingi anayedhurika analipwa na wote, basi mzigo umegawanywa kwa haki, kwa sababu aliudhurika kwa faida ya wote. Lakini kama kampuni inachukua faida, inashikilia hatimiliki ya maarifa, inakwepa mashtaka, na mdhurika anaachwa na familia yake, hapo kinga ya tiba imefanywa kisingizio cha kinga ya Kirumi. Dawa yake ya kudumu ni Afrika kutengeneza chanjo zake yenyewe. Asiyekuwa na kiwanda hana sauti katika kuandika mkataba.

Katiba yetu na wajibu wa kada

Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka usawa wa watu wote mbele ya sheria. Ibara ya 46 inampa Rais kinga: akiwa madarakani hashtakiwi kwa kosa la jinai, kwa madai binafsi ni lazima apewe taarifa siku 30 kabla, na akisha kuondoka madarakani hashtakiwi kwa aliyoyafanya akiwa Rais, isipokuwa kama aliondolewa na Bunge kwa utaratibu wa Ibara ya 46A. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano bungeni. Mawaziri hawakupewa kinga ya namna hiyo, na mwaka 2015 mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani mawaziri wawili wa zamani kwa matumizi mabaya ya madaraka.

Hizo ni kinga zilizoandikwa, na wananchi wana haki ya kuzijadili na kuzipima kwa kipimo cha kazi na mpaka. Lakini tunasema wazi kwamba hatari iliyo karibu zaidi na maisha ya mwananchi ni kinga ambazo hazikuandikwa popote. Mkubwa ambaye ng'ombe wake wakiingia shambani kwa mtu hakuna anayethubutu kudai fidia. Mwekezaji ambaye msamaha wake wa kodi hauna mwisho wakati mama ntilie anatozwa kila siku. Kiongozi wa tawi ambaye mahesabu yake hayakaguliwi kwa sababu ni mwenzetu. Hawa hawana ibara ya Katiba inayowalinda. Wanalindwa na woga wa wananchi na ukimya wetu sisi makada.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa jaribio la kuigeuza kinga ya uongozi kichwa chini. Lilisema kiongozi abanwe kuliko raia: asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaongeza kwamba kiongozi asiwe na majivuno, dharau wala unyanyasaji, na wafanyakazi viwandani waliushika mkononi wakawakataa mameneja wenye kiburi. Mwaka 1991, kule Zanzibar, Chama kililegeza masharti hayo ya mali. Iwapo uamuzi huo ulifaa au haukufaa ni mjadala mwingine. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba masharti yalipolegea hapakubaki kitu cha kuchukua nafasi ya ulinzi ule isipokuwa sheria na uangalizi wa umma, na vyote viwili havifanyi kazi vyenyewe.

Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu tunaweza kusema mambo matatu. Kwanza, kinga ni halali pale inapoilinda kazi ya umma, ikiwa na mpaka na mwisho unaojulikana. Pili, kinga inayomwondolea mtu mzigo bila kuulinda umma ni unyonyaji, hata ikiandikwa kwa lugha nzuri. Tatu, kinga iliyo imara kuliko zote ni ile ambayo kila mmoja anachangia na kila mmoja anafaidi, kama ile iliyoifuta ndui.

Katika Kiswahili chetu kinga pia ni kijinga cha moto, na wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kazi ya kada mwezi huu haihitaji mkutano mkubwa. Aende katika kata yake ahesabu watoto ambao hawajachanjwa surua, na aulize pia ni nani hapo kijijini ambaye hakuna anayethubutu kumdai. Orodha zote mbili azilete katika kikao cha tawi.